Skana ya bei nafuu na uso wa mtu: ile milimita 0.1 iko wapi?

Swali: Natengeneza pua na masikio bandia ya silikoni. Nimenunua skana ya mkononi ya bei nafuu, ya kuchukua umbo la kitu (3D), na karatasi yake inasema usahihi ni milimita 0.1. Nilimpiga skani mtu mmoja mara mbili, dakika tano tu kati ya skani moja na nyingine, kisha nikazipandanisha kwenye programu. Kwenye paji la uso zinalingana vizuri, lakini shavuni tofauti inafika milimita 1.4, na chini ya kidevu inapita 2. Je, nimeuziwa skana mbovu? Na je, naweza kuitegemea kwa kitu ambacho mtu atakivaa usoni?

Jibu:

Sidhani kama skana yako ni mbovu, na ushahidi umeutoa mwenyewe. Tazama skani zilipolingana na zilipoachana. Pajini ngozi imelala juu ya mfupa, haina pa kwenda, zimelingana. Shavuni kuna nyama na mafuta vinavyofuata kila mdomo unapocheza, zimeachana. Chini ya kidevu, ambako ulimi, koo na pumzi vyote vinavuta, zimeachana zaidi. Skana iliyoharibika haichagui mahali hivyo, ingekosea hadi pajini. Ulichokiona ni uso ukisogea, na juu yake kosa la kuunga vipande.

Lakini sijasema uitegemee. Skana yenyewe bado hujaipima. Umepima mchanganyiko wa skana, mkono wako, programu, na mtu aliyeketi mbele yako. Mtu anayekuja kwako amepoteza pua au sikio, na kila safari ya kujaribu kiungo na kukirekebisha upya inamgharimu utulivu wa moyo ambao hana wa ziada. Kwa hiyo inafaa tuvitenganishe hivi vitu kimoja kimoja.

Tuanze na ile 0.1. Namba ya aina hiyo hupatikana kwa kupima kitu kigumu kisichosogea. Mwongozo wa Ujerumani wa VDI/VDE 2634, kwa mfano, hutumia mipira miwili ambayo umbali kati yake unajulikana kwa uhakika, na bamba lililonyooka. Hakuna pumzi, hakuna kope, hakuna mate ya kumeza. Mara nyingi pia namba hiyo ni ya picha moja, kabla skana haijaanza kuunga picha na picha. Na kwenye vifaa vya bei ya chini huwa hata haielezwi ni namba ya nini. Kuna wanaoandika umbali kati ya nukta na nukta, ambao unaonyesha tu jinsi nukta zilivyosongamana, halafu msomaji akaelewa ni usahihi. Wavu wa skani, yaani umbo linaloundwa na nukta hizo, wenye nukta kila milimita 0.2 unaweza kuwa umekosea milimita 1 nzima huku ukipendeza kwa macho kabisa.

Skana ya mkononi haioni uso wote kwa mara moja. Inachukua kipande kidogo mara kadhaa kila sekunde, na programu inakishona kila kipande kwenye kilichotangulia. Kila mshono una kosa dogo. Seremala anayepima ukuta mrefu kwa rula fupi analijua hili: kila anapoihamisha rula anaongeza unywele mmoja, na mwisho wa ukuta nywele hizo zimekuwa upana wa kidole. Watengenezaji wa Artec Eva, skana ya mkononi ya daraja la juu kuliko yako, hulieleza wazi kwa namba mbili: milimita 0.1, kisha nyongeza ya milimita 0.3 kwa kila mita unayosafiri. Kwenye skana nyingi za bei nafuu ile namba ya pili haiandikwi, na ndiyo unayoihitaji zaidi. Ndiyo sababu pua peke yake inaweza kutoka sawasawa, lakini umbali kutoka sikio hadi sikio ukawa si wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo jaribio lako haliwezi kukuambia. Kanuni za ISO 5725 hugawa usahihi mara mbili: jinsi majibu yanavyorudi palepale ukirudia, na jinsi yalivyo karibu na ukweli. Wewe umejaribu la kwanza tu. Skani mbili zinaweza kukubaliana mpaka unywele na zote mbili zikawa zimekosea. Chukua skana ambayo kipimo chake kimevimba kwa asilimia 1 kwa sababu kalibresheni, yaani urekebishaji wa vipimo vyake, imeharibika. Uso wenye upana wa milimita 140 utatoka 141.4 leo, kesho na keshokutwa, na ramani ya rangi ambayo programu hutumia kuonyesha tofauti kati ya skani itakuwa ya kijani tupu, yaani hakuna tofauti. Kosa la namna hii hulioni kwa kulinganisha skani na skani. Unalinganisha na kalipa, kile kipimo cha mkono chenye taya mbili.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kichwa cha plasta, au kichwa cha maonesho kisichong'aa. Kwa penseli iliyochongwa vizuri, chora misalaba midogo kumi au zaidi: katikati ya paji, mzizi wa pua, ncha ya pua, pembe za macho, pembe za mdomo, ncha ya kidevu, na mbele ya kila sikio. Penseli butu inachora mstari mpana kiasi kwamba wewe mwenyewe hutajua katikati ni wapi, na kosa hilo litaingia kwenye hesabu likijifanya la skana. Pima umbali kati ya alama kwa kalipa, kila umbali mara tatu, uandike. Kisha piga skani kichwa hicho mara kumi, na kila mara weka skana mezani, inua tena, anza upya. Ukiacha skana mkononi na kurudia papo hapo, utajipatia namba nzuri kuliko unavyostahili.

Wastani wa umbali kwenye skani ukikaribia wa kalipa, skana inasema kweli. Ukiwa mrefu au mfupi kwa uwiano uleule kila mahali, hilo ni tatizo la kipimo, na mara nyingi linatibika kwa kurudia kalibresheni kwa kibao kilichokuja na kifaa, baada ya kuiacha skana iwake mpaka joto lake litulie. Umbali mfupi ukitoka sahihi lakini mrefu ukakosea, ile mishono ndiyo inayoteleza.

Kwa upande wa kurudia, tumia hesabu ya zamani ya Dahlberg, ya mwaka 1940, ambayo madaktari wa meno wanaipenda mpaka leo. Chukua jozi za vipimo vilivyorudiwa, tafuta tofauti ya kila jozi, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa mara mbili ya idadi ya jozi, kisha toa kipeo cha pili. Jozi kumi zenye tofauti ya milimita 0.4 kila moja zinakupa jumla ya 1.6, gawa kwa 20 upate 0.08, kipeo chake ni karibu milimita 0.28. Hilo ndilo kosa la skana, mkono na programu kwa pamoja, bila uso hai.

Sasa rudia yote kwa mtu. Namba itapanda. Usiitoe moja kwenye nyingine moja kwa moja, kwa kuwa makosa ya namna hii hujumlishwa kwa mraba. Plasta ikikupa 0.3 na mtu akakupa 0.5, uso wenyewe umechangia 0.4, kwa maana 0.09 na 0.16 ni 0.25. Uso umekosesha kuliko skana. Hapo utajua kama kununua kifaa cha bei kubwa zaidi kutakusaidia au kutakuachia tatizo lilelile.

Watu wengi hudhani mashine za bei kubwa zinauza milimita, lakini hasa zinauza muda. Mfumo wa 3dMD, wenye kamera zilizofungwa mahali pamoja zikitazama uso kutoka pande mbalimbali, hukamata uso mzima kwa takriban milisekunde 1.5. Mtu hana nafasi hata ya kupepesa jicho. Skana yako inahitaji sekunde kumi hadi thelathini, na ndani ya sekunde hizo mtu amepumua, amepepesa, pengine amemeza mate.

Niliwahi kukaa na skani moja ya uso wa mzee, nikijiuliza kwa nini kidevu chake hakikai kwenye kipimo cha kalipa. Kwenye picha yenye rangi ya ngozi ulikuwa uso safi kabisa. Nilipozima rangi na kurudi kwenye vipande ghafi kabla programu haijavilainisha, nikaona tabaka mbili chini ya kidevu, moja juu ya nyingine kama makuti yaliyopandana. Alikuwa amemeza mate katikati. Programu ilichukua tabaka zote mbili, ikapitisha uso mmoja katikati yake, ikaulainisha, ikanikabidhi kidevu ambacho hakikuwa cha mzee huyo wakati wowote. Tangu siku hiyo sikubali skani yoyote kabla ya kuzima rangi yake. Rangi huficha makosa ya umbo kuliko kitu chochote.

Basi mwandae mtu kabla ya kushika skana. Aketi wima na si kulala, kwa sababu mashavu huteremka kuelekea masikioni mtu anapolala chali, na kiungo chako atakivaa akiwa ameketi na kusimama. Kichwa kiegemezwe nyuma. Amwage pumzi, ameze mate, aseme "mmm" kisha aachie, midomo ikigusana bila kubanwa na meno yakigusana bila kuuma. Atazame alama moja iliyo sawa na macho yake. Mwambie ni lini utafika chini ya kidevu, na hapo tu aizuie pumzi mwishoni mwa kuitoa, kwa sekunde chache. Kumwambia azuie pumzi tangu mwanzo hakusaidii, maana sekunde ya kumi na tano uso wote utakuwa unakaza.

Mwendo wa mkono nao una kanuni zake. Anzia katikati, kwenye mwanzi wa pua, ambako kuna maumbo ya kutosha kwa programu kujishika. Nenda shavu la kulia mpaka sikioni, rudi katikati kwa njia ileile, kisha nenda kushoto. Malizia kidevu, mara moja, na usirudi. Wanaoanza hupenda kuzungushazunguka wakidhani kila mzunguko unaongeza usahihi. Kwenye uso hai kila mzunguko unaongeza uso mwingine wa pili. Paji na mapanja ni laini mno, skana inaweza kuteleza juu yake bila kujijua, hivyo bandika vibandiko vidogo visivyopangwa kwa ulinganifu, mbali na eneo la kiungo.

Ngozi yenyewe pia si plasta. Mwanga unaingia kidogo ndani yake na kusambaa kabla ya kurudi, hivyo mstari uliorushwa mkali unaonekana umefifia ukingoni. Mwanga wa bluu huingia kidogo, wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, huingia ndani zaidi. Upande mwingine, melanini, rangi ya asili ya ngozi, hunyonya sana mwanga unaoonekana na kidogo tu ule wa infraredi. Kwa hiyo skana ya mwanga mweupe au wa bluu ikiachwa kwenye mpangilio wa ngozi nyeupe itatoa matundu na chengachenga kwenye ngozi nyeusi, mpaka uongeze mwanga unaoingia kwenye kamera. Skana ya infraredi itaziona ngozi zote karibu sawa, ila kwa ukali mdogo. Mng'ao wa jasho na mafuta ufute kwa kitambaa. Ile dawa ya kupuliza inayotumika kwa vyuma vinavyong'aa usiipulize usoni mwa mtu. Na kabla ya kuwasha taa inayomemeta haraka, muulize kama ana kifafa.

Matundu ya pua, kope, nyusi, ndevu na nyuma ya sikio ni maeneo ambayo skana haioni. Hapo programu inabuni. Zima kabisa chaguo la kuziba matundu. Ni heri uone tundu jeusi ujue hujui, kuliko kuona ngozi nzuri iliyotungwa.

Sikio ndilo gumu kuliko yote, nawe umesema unatengeneza masikio. Mikunjo yake inajifunika yenyewe, na hakuna pembe moja inayoiona yote. Kwa mtu mwenye sikio moja zima, mimi napendelea kuchukua umbo la sikio hilo kwa nyenzo laini, kumimina plasta, kisha kupiga skani ile plasta ikizunguka kwenye meza ya kuzungusha, bila haraka, hata dakika kumi. Halafu igeuze kama kwenye kioo. Plasta haipumui. Ila usiichukulie kuwa ni ukweli mtupu: nyenzo nzito hukandamiza nyama laini na kulikunja gegedu. Chukua skani nyingine ya kichwa hai, hata ikiwa chafu kwenye mikunjo, ikupe mahali sikio linapokaa na pembe linavyotoka kichwani.

Umetaja kwamba ulizipandanisha skani, nami nataka kujua ulizipandanisha kwa kutumia eneo gani. Programu nyingi hutumia njia ya ICP, iliyoelezwa na Besl na McKay mwaka 1992: kila nukta inatafuta jirani yake wa karibu, uso unasogezwa, inarudiwa mpaka tofauti iwe ndogo kabisa. Ukiipa uso mzima, kosa la kidevu linagawiwa kwa wote, mpaka paji lisilo na kosa. Ipe paji na mwanzi wa pua peke yake, kisha tazama sehemu nyingine zimeangukia wapi. Na usome namba sahihi. Wastani wa kawaida hukubali sehemu iliyozidi milimita 0.8 na iliyopungua 0.8 zifutane, ukaletewa sifuri. Dai wastani wa tofauti bila alama za kujumlisha na kutoa, au RMS (kipeo cha pili cha wastani wa miraba ya tofauti), pamoja na kiwango ambacho asilimia 95 ya nukta ziko chini yake. Kumbuka pia kwamba umbali wa jirani wa karibu hauoni kuteleza kwa ubavu. Shavu lililosogea milimita 2 kuelekea sikioni linaweza kuonekana halijasogea kabisa, kwa vile uso wake ni tambarare. Misalaba ya penseli ndiyo inayolifichua.

Kama ulifikiria kutumia simu badala ya skana: kamera ya mbele ya iPhone X ya mwaka 2017 hurusha nukta zaidi ya 30,000 za infraredi, lakini iliundwa kutambua uso. Kingo za pua na midomo hutoka zimeviringika. Kifaa cha leza kilicho nyuma ya baadhi ya simu kinafaa kwa vyumba, si kwa nyuso.

Je, uitegemee? Wanaopima nyuso wana mgao uliozoeleka tangu miaka ya 1990: kosa chini ya milimita 1 ni la kuaminika sana, 1 hadi 1.5 linaaminika, mpaka 2 ni la wastani, na zaidi ya hapo usitumie. Kwa kazi yako mgao huo hautoshi, kwa sababu kiungo bandia kina sehemu mbili zisizofanana. Umbo la pua, urefu wake, mahali inapokaa na ulinganifu wake na macho vinavumilia milimita 1, kwa kuwa jicho la anayetazama halitaiona. Ukingo hauvumilii. Silikoni pale inapokutana na ngozi ni nyembamba kama utando wa kitunguu, na mwanya wa nusu milimita unashika kivuli, gundi inaachia, na aliyekivaa anaanza kutazama mikono yake mwenyewe badala ya kukutazama unapozungumza naye. Umbo lifanye kwa skana. Ukingo umalizie kwa nta juu ya mtu mwenyewe, akiongea, akitabasamu, akimeza.

Na ukitaka kuitumia kufuatilia uvimbe au kovu, kosa lako la kurudia ndilo linalokupa mpaka. Lizidishe kwa karibu 2.8. Mtu akikupa 0.5, tofauti yoyote iliyo chini ya milimita 1.4 usiiite badiliko. Ile 1.4 ya shavuni uliyoiona imeangukia hapohapo mpakani.

Fanya jaribio la plasta kwanza. Ikirudi ndani ya milimita 0.3 na kalipa ikakubali, baki na skana yako uweke nguvu kwenye kumwandaa mtu. Plasta yenyewe ikikosea zaidi ya milimita 1 hata baada ya kalibresheni, irudishe uliponunua, na uambatishe karatasi ya vipimo vyako vya kalipa. Ukiniandikia tena, niambie eneo ulilotumia kupandanisha na sekunde ulizochukua kwa skani moja. Kwa hayo mawili tu naweza kukuambia mengi kuhusu lile shavu.